Injini ya Pili: Hesabu ya Kukodi Ndege Ndogo Baina ya Bahari na Usambara

Mtu akiulizwa achague baina ya ndege ya injini moja na ndege ya injini mbili kwa safari ya jamaa yake, aghalabu hujibu upesi kwamba atachukua ile ya injini mbili. Hoja yake ni nyepesi: ikizimika moja, ipo ya pili. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na katika mambo ya angani nusu ya ukweli huweza kudhuru kuliko kutojua kabisa. Swali linalostahili kuulizwa kabla ya kutoa fedha ni hili: ndege hii ikibakiwa na injini moja, mahali hapa, saa hizi, na kwa mzigo huu, itafanya nini?

Muheza ni mahali pazuri pa kulifikiria swali hilo. Mji huo upo kwenye kimo cha mita zipatazo 200 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Tanga. Upande wa mashariki, safari ya dakika chache kwa ndege, ipo Bahari ya Hindi, na ng'ambo yake kisiwa cha Pemba. Upande wa magharibi inaanza milima ya Usambara ya Mashariki, ambako Amani ipo kwenye kimo cha mita 900 hivi, na vilele vinakaribia mita 1,500. Baada ya bonde la Lwengera inasimama Usambara ya Magharibi, yenye mji wa Lushoto kwenye mita 1,400 hivi na vilele vinavyopita mita 2,200. Kwa hiyo jamaa ya Muheza inayokodi ndege katika kiwanja cha Tanga inaweza kuelekea baharini au milimani. Ndege ni ile ile, na injini ni zile zile mbili, lakini majibu ya swali letu ni mawili tofauti.

NDEGE ZA INJINI MBILI KATIKA PWANI

Ndege ndogo si mgeni katika Mkoa wa Tanga. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilikuwa ikifuata mwambao kwa kupitia Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1946, lilianza na ndege sita aina ya de Havilland Dragon Rapide. Hizi zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, zenye mabawa ya juu na ya chini, injini mbili za nguvu-farasi 200 kila moja, na nafasi ya abiria wanane hivi. Dragon Rapide iliruka mara ya kwanza mwaka 1934.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilianza kuunda ndege nyepesi za injini mbili kwa ajili ya wafanyabiashara na watu binafsi. Cessna 310 iliruka mara ya kwanza mwaka 1953. Zikafuata Piper Aztec, Beechcraft Baron na Piper Seneca. Uingereza nayo ilitoa Britten-Norman Islander mwaka 1965, ndege iliyokusudiwa hasa safari fupi za visiwani. Ndege za aina hizi, zenye viti sita hadi kumi, ndizo zinazozungumzwa katika makala haya. Nyingi ya zile za Marekani ziliundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, wakati viwanda vilipopunguza sana uundaji wake. Kwa sababu hiyo ndege inayokodishwa leo huenda ikawa na umri mkubwa kuliko rubani wake.

HESABU YA BAHATI

Tuanze na hesabu ya bahati, ambayo wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kuifanya. Chukulia kwamba uwezekano wa injini moja kuzimika katika safari fulani ni 1 katika 10,000. Tarakimu hii ni ya mfano tu. Kusudi lake ni kurahisisha hesabu.

Katika ndege ya injini moja, uwezekano wa kubaki bila injini ni huo huo, 1 katika 10,000. Katika ndege ya injini mbili, uwezekano wa zote mbili kuzimika kila moja kwa sababu yake ni 1 katika 10,000 mara 1 katika 10,000, yaani 1 katika 100,000,000. Hapo injini ya pili inaonekana kuwa ngao kubwa ajabu. Lakini uwezekano wa angalau injini moja kuzimika umekuwa karibu 2 katika 10,000. Ndege yenye injini mbili, basi, hupatwa na tatizo la injini mara mbili zaidi ya ndege yenye injini moja. Faida yake yote inategemea kitu kimoja: kama injini iliyobaki inaweza kweli kuibeba ndege.

Tena hesabu ya kuzidisha hufaa pale tu ambapo matukio mawili hayahusiani. Petroli yenye maji ikiingia katika matangi yote, injini zote mbili hula maji. Rubani akikosea hesabu ya mafuta, zote mbili hukauka pamoja. Ndege pia hukutana na mambo yasiyohusiana na injini hata kidogo. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa baada ya ndege yake kugongana na tai. Ndege yake ilikuwa ya injini moja, lakini injini haikuwa chanzo cha msiba ule.

NUSU YA NGUVU SI NUSU YA KUPANDA

Hapa ndipo ilipo siri ambayo abiria wengi hawaijui. Watu hudhani kuwa injini moja ikizimika, ndege hupoteza nusu ya uwezo wake wa kupanda. Ukweli ni kwamba hupoteza zaidi sana ya nusu.

Neno nguvu katika sayansi lina maana ya kazi inayofanyika katika kila sekunde, nayo hupimwa kwa kilowati. Ndege inayosafiri kwa usawa, bila kupanda wala kushuka, hutumia nguvu ili kuushinda ukinzani wa hewa. Nguvu inayozidi hapo, yaani ziada, ndiyo inayoipandisha. Mfanyabiashara anaijua hesabu hii vizuri: mapato yakipungua kwa nusu, faida haipungui kwa nusu, kwa maana kodi ya duka na mishahara hubaki pale pale. Faida huweza kwisha yote.

Msomaji na achukue kalamu. Kuna ndege ya mfano yenye uzani wa kilo 2,000. Kila injini ina nguvu-farasi 200, yaani kilowati 150 hivi. Si nguvu yote hiyo inayofika hewani, kwa sababu rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, hupoteza sehemu yake. Chukulia kuwa kila injini hutoa kilowati 110 zinazofaa. Chukulia pia kwamba kwa kasi nzuri ya kupandia, ndege hiyo huhitaji kilowati 90 ili isafiri kwa usawa.

Kwa injini mbili, nguvu iliyopo ni kilowati 220. Ziada ni 220 kutoa 90, yaani kilowati 130. Uzito wa kilo 2,000 ni karibu nyutoni 20,000. Wati 130,000 zikigawanywa kwa nyutoni 20,000, jawabu ni mita 6.5 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya kupanda.

Sasa injini moja imezimika. Nguvu iliyopo ni kilowati 110. Lakini ukinzani nao umeongezeka, kwa kuwa rafadha iliyokufa inakinga upepo, na ndege inasafiri kwa kupotoka kidogo. Chukulia kuwa sasa inahitaji kilowati 100. Ziada ni kilowati 10 tu. Wati 10,000 kwa nyutoni 20,000 ni nusu mita kwa sekunde. Kupanda kumeshuka kutoka mita 6.5 hadi nusu mita: nusu ya nguvu imepotea, na zaidi ya tisa kwa kumi ya kupanda imekwenda nayo.

Tarakimu hizi zimesawazishwa kwa ajili ya darasa, lakini haziko mbali na zile za ndege halisi za aina hii. Hata sheria iliujua udhaifu huo. Kwa miaka mingi, mpaka zilipoandikwa upya mwaka 2017, kanuni za Marekani za ndege nyepesi hazikuilazimisha kila ndege ya injini mbili iweze kupanda kwa injini moja. Ndege ya injini za pistoni isiyozidi ratili 6,000, yaani kilo 2,722, na ambayo kasi yake ya chini kabisa ya kubebwa na mabawa haikuzidi noti 61, yaani kilomita 113 kwa saa, ilitakiwa kupimwa tu na matokeo yake kuandikwa. Matokeo hayo yaliruhusiwa kuwa ya kushuka. Kwa hiyo msemo kwamba ndege ina injini mbili hautoi ahadi yoyote; ahadi imo katika kitabu cha ndege yenyewe.

HEWA YA MUHEZA NA HEWA YA LUSHOTO

Hesabu iliyotangulia ilichukulia hewa ya kipimo, yaani hewa ya usawa wa bahari yenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi na densiti ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Hewa kama hiyo Muheza haiijui. Mchana wa mwezi Februari joto hufika nyuzi 32, na hewa ikipata joto hutanuka, kila mita ya ujazo ikabaki na hewa kidogo. Kwa kimo cha mita 200 na joto hilo, densiti ni kilo 1.13 hivi, yaani asilimia 92 ya kipimo. Kwa injini na mabawa, ni kana kwamba Muheza imehamishwa ikawekwa kwenye kimo cha mita 870.

Lushoto watu huvaa sweta, na mgeni hudhani kuwa hewa ile ya baridi ni nzito. Joto lake ni dogo kweli, lakini kimo kimekwisha kupunguza mgandamizo. Mchana wenye nyuzi 25, kwenye mita 1,400, densiti ni kilo 1.00 hivi, yaani asilimia 82. Hewa hiyo ni sawa na ya kimo cha mita 2,100 katika hewa ya kipimo.

Injini ya pistoni isiyo na turbochaja huvuta hewa jinsi inavyoikuta. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuungua hupungua, na nguvu hupungua takriban kwa kiasi hicho hicho. Wakati huo huo ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili mabawa yapate kani ile ile ya kuibeba, na hivyo nguvu inayotakiwa huongezeka. Mapato yanapungua, na matumizi yanazidi.

Ndege yetu ya mfano, ikiwa na injini moja katika hewa ya Muheza ya saa nane mchana, ina kilowati 101, ilhali inahitaji 104. Haiwezi kupanda, inashuka polepole. Katika hewa ya Lushoto ina kilowati 90, ilhali inahitaji 110. Pengo la kilowati 20 ni kushuka kwa mita moja katika kila sekunde. Alfajiri, wakati Muheza ina nyuzi 22, mambo hubadilika kidogo: kilowati 105 kwa mahitaji ya 103. Ziada ni ndogo, lakini ni ziada. Marubani wazoefu wa safari za milimani hupenda kuondoka mapema, na fizikia inawaunga mkono.

MIZANI: ABIRIA, MAFUTA NA MACHUNGWA

Hali ya hewa haimo mikononi mwa mkodi, lakini mzigo umo. Chukulia jamaa inayokwenda arusini Pemba kwa ndege ile ya mfano. Ndege tupu ina kilo 1,300. Rubani ana kilo 75, baba 80, mama 70, bibi 60, na watoto wawili kilo 40 na 30. Jumla ya watu ni kilo 355. Mabegi mawili yana kilo 35. Na kwa kuwa mtu wa Muheza hawezi kwenda ugenini mikono mitupu, limepakiwa gunia la machungwa la kilo 60. Matangi yamejazwa lita 350 za petroli, ambazo ni karibu kilo 250. Jumla ya yote ni kilo 2,000 kamili, yaani ndege ile ile ambayo katika joto la mchana haiwezi kupanda kwa injini moja.

Safari ya kutoka Tanga hadi Pemba ni kilomita 85 hivi, nusu saa au chini yake. Lita 350 ni za nini? Zikipunguzwa zikabaki lita 200, bado kuna petroli ya saa mbili hivi katika ndege ya ukubwa huu, nazo ni za kutosha kwenda, kungoja na hata kurudi. Hapo zimetoka karibu kilo 105. Machungwa na mabegi, kilo 95, yakisafiri kwa boti, ndege inabaki na kilo 1,800.

Nguvu inayohitajiwa hupungua zaidi ya uzito unavyopungua. Uzito ukiwa tisa kwa kumi ya ule wa kwanza, nguvu hupungua kwa kizio cha 0.9 mara kipeuo cha pili cha 0.9, yaani 0.85 hivi. Mahitaji ya kilowati 104 yanakuwa 89. Injini iliyobaki ina 101. Kuna ziada ya kilowati 12, na ndege inapanda theluthi mbili za mita kwa sekunde katika saa ile ile ya joto. Hakuna fundi aliyegusa injini. Kilichobadilika ni gunia, mabegi mawili na petroli isiyo ya lazima.

Katika safari nyingine uamuzi huwa mgumu zaidi. Jamaa hiyo hiyo ikitaka kwenda Arusha, mwendo wa kilomita 330 kwa mstari ulionyooka, petroli haiwezi kupunguzwa namna ile, na kiwanja cha Arusha chenyewe kipo karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Hapo huenda ikabidi mtu mmoja au wawili wapande basi. Kumwambia mzee abaki si jambo jepesi katika jamaa yoyote, na rubani mwenye haya huweza kushawishika anyamaze. Ndiyo maana inafaa hesabu ifanywe nyumbani, siku moja kabla, badala ya uwanjani mbele ya wageni wakiwa na mizigo mikononi.

NDEGE INAYOVUTWA UPANDE MMOJA

Tatizo la pili ni la mizani ya kani. Katika ndege nyingi za injini mbili kila injini imefungwa kwenye bawa lake. Ile ya kushoto ikizimika, ya kulia hubaki ikivuta peke yake kando ya mstari wa katikati, na ndege hutaka kuzunguka kuelekea upande wa injini iliyokufa. Ikiwa msukumo ni nyutoni 2,400 na umbali kutoka katikati ni mita 2, momenti yake ni nyutoni-mita 4,800. Usukani wa mkia, ulioko mita 5 nyuma, hauna budi kutoa kani ya nyutoni 960 ili kuizuia.

Kani ya usukani huo hutokana na upepo unaoupita, nayo hufuata mraba wa kasi. Kasi ikipungua kwa nusu, kani hupungua hadi robo. Kwa hiyo ipo kasi ambayo chini yake usukani hushindwa, na ndege hugeuka na kupinduka hata kama rubani amekanyaga kanyagio mpaka mwisho. Kasi hiyo huandikwa kwa mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo. Mstari wa buluu huonyesha kasi ya kupandia vizuri kwa injini moja. Kati ya mistari hiyo miwili ndimo zilimo sekunde chache za hatari wakati wa kuruka. Injini ikizimika kabla magurudumu hayajaacha ardhi, au njia ikiwa bado ipo mbele, kazi ya rubani ni kufunga injini zote mbili na kusimama.

Wahandisi wamejaribu kulipunguza tatizo hili. Katika Piper Seneca rafadha mbili huzunguka kwa kuelekeana, ili kusiwe na upande ulio mbaya kuliko mwingine. Cessna Skymaster ya miaka ya 1960 iliweka injini moja puani na nyingine nyuma ya abiria, zote kwenye mstari wa katikati. Ndege hiyo haivutwi upande, lakini nayo ilileta tabu yake: injini ya nyuma iliweza kuzimika wakati wa kuondoka na rubani asitambue mara moja. Hakuna ndege isiyohitaji rubani aliyezoezwa. Leseni ya ndege za injini moja haimpi mtu ruhusa ya kuendesha ya injini mbili, na mazoezi ya kuzimikiwa injini huchuja yasiporudiwa.

MASHARIKI BAHARI, MAGHARIBI MILIMA

Sasa inawezekana kurudi kwenye swali la mwanzo. Katika safari ya Pemba, ndege hupita juu ya maji karibu kilomita 60. Ndege ya injini moja iliyozimika huteleza hewani kama mita 10 mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Ikiwa kwenye kimo cha mita 2,000, inaweza kufikia nchi kavu iliyo umbali wa kilomita 20, mbele au nyuma. Katikati hubaki kilomita 20 za maji ambamo hakuna pa kukimbilia. Ndege ya injini mbili iliyopakiwa kwa busara hujishikiza hapo kwenye kimo cha mita 1,000 hivi kwa injini moja, na chini yake hakuna kilele cha kugonga. Katika safari hii injini ya pili inastahili kodi yake yote.

Juu ya Usambara ya Magharibi mambo ni mengine. Rubani anayetaka kuvuka vilele hupita kwenye mita 2,600 au zaidi, ambako densiti ni kama asilimia 72 ya kipimo. Ndege ile ya kilo 2,000, ikibakiwa na injini moja huko, hushuka mita 2 kwa sekunde. Baina yake na usawa wa vilele kuna mita 400: muda wa dakika tatu na kidogo, na mwendo wa kilomita 10 hivi. Muda huo watosha kugeukia tambarare ikiwa rubani ameshajua ageukie wapi, na hautoshi ikiwa ndio kwanza anaanza kutafuta. Zaidi ya hayo, upepo wa kusi utokao baharini hupanda miteremko ya mashariki na kushuka kwa nguvu upande wa pili, na hewa inayoshuka huishusha ndege pamoja nayo.

Reli ilikwisha kulijibu jambo hili kwa njia yake. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikifuata chini ya milima badala ya kuipanda, kwa kuwa garimoshi lina nguvu nyingi za kuvuta mahali tambarare na ziada ndogo ya kupandia. Rubani wa ndege nyepesi anayekwenda Arusha hufanya vyema akifuata njia hiyo hiyo: Korogwe, Mombo, Mkomazi na Same, milima ikiwa kulia kwake na nyika pana kushoto. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini kila dakika yake ina mahali pa kushukia.

Kuna pia njia ya tatu. Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo sasa ni ya kawaida katika viwanja vya Tanzania, ina injini moja ya turbini. Injini za namna hiyo hazina pistoni zinazopanda na kushuka, na kwa kawaida huaminika kuliko zile za pistoni. Hutumia mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa, na ambayo hupatikana kwa wepesi zaidi kuliko petroli ya ndege. Kwa njia ya nchi kavu yenye tambarare, injini moja ya namna hii huweza kuwa chaguo bora kuliko mbili za zamani zilizochoka.

MASWALI YA KUMWULIZA MWENYE NDEGE

Mkodi si lazima awe mhandisi. Lakini ana haki ya kuuliza, na mwenye ndege mwema hufurahia kuulizwa.

1. Je, mwenye ndege ana cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kinachomruhusu kubeba abiria wa kulipa?

2. Kwa uzito wa safari hii na joto la saa ya kuondoka, kitabu cha ndege kinasema itapanda kiasi gani kwa injini moja, na kimo chake cha juu kwa injini moja ni kipi? Je, kimo hicho kinazidi ardhi iliyo njiani?

3. Injini zina turbochaja? Seneca, kwa mfano, iliwekewa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na faida yake huonekana hasa kwenye vimo kama vya Lushoto na Arusha.

4. Abiria na mizigo watapimwa kwa mizani, au watakisiwa kwa macho?

5. Rubani alifanya lini mara ya mwisho zoezi la kuzimikiwa injini?

6. Injini iliyobaki ikishindwa kuibeba ndege, mahali pa kushukia katika kila sehemu ya njia ni wapi?

Asiyepata jibu la swali la pili na la sita hajajua bado anakodi nini, hata akihesabu injini mara mbili.

ZOEZI LA DARASANI

(a) Kokotoa kasi ya kupanda kwa injini moja ya ndege ya mfano yenye kilo 1,900 katika hewa ya Muheza ya nyuzi 32. Tumia kilowati 104 kama mahitaji ya kilo 2,000.

(b) Ndege ya injini moja inateleza mita 10 kwa kila mita 1 ya kushuka. Itapaswa kuruka kwenye kimo gani ili isikose nchi kavu mahali popote katika kilomita 60 za maji?

(c) Pimeni uzito wa wanafunzi sita na mabegi yao kwa mizani, baada ya kuukisia kwanza kwa macho. Linganisheni jumla mbili hizo, kisha mjadili tofauti hiyo ingekuwa na maana gani kwa rubani anayeondoka Tanga saa nane mchana.